Mavi ya Ng'ombe na Majina Yake

Usicheke, msomaji. Najua kwamba umekwisha kukitazama kichwa cha insha hii, na huenda umemwonyesha kwa kidole mwenzako wa dawati la jirani. Mimi nami nilicheka nilipokuwa nimeketi katika kiti kama hicho chako. Lakini nakuomba uzivumilie kurasa hizi chache, kwa maana ninalotaka kukuonyesha si la mzaha hata kidogo. Kitu kinachodharauliwa kuliko vyote katika uwanja wa nyumba zetu kimeweka ndani ya majina yake habari za watu wetu, za ng'ombe wao, za mashamba yao na za serikali zilizowatawala; nasi tunazipoteza habari hizo kwa kuona haya tu.

Nilizaliwa Kibugu, katika miteremko ya Mlima Kenya upande wa Embu, ambako kahawa huiachia chai nafasi kadiri mtu apandavyo kuelekea msituni. Nilipokuwa shule ya msingi, mwalimu wetu alitupa insha ya Kiswahili juu ya kazi za Jumamosi nyumbani. Nikaandika, kwa fahari yote ya mtoto wa miaka kumi, jinsi nilivyomletea nyanya yangu mavi ya ng'ombe kutoka zizini, akayakoroga pamoja na udongo, majivu na maji, kisha akapiga magoti na kuipaka sakafu ya jiko lake kwa kiganja cha mkono. Daftari liliporudi, neno "mavi" lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu mara nne, na juu yake pameandikwa "samadi". Nilipoteza alama nne, na wenzangu wakanipa jina la utani ambalo sitaliandika hapa.

Jioni ile nilimsomea nyanya insha yangu, nikimfasiria kwa Kiembu. Akauliza, "Samadi ndiyo nini?" Nikamjibu kama nilivyofundishwa, kwamba ni kile kinachotiwa shambani ili mimea istawi. Akacheka mpaka akashika ubavu. "Basi mwalimu wako hajapata kupaka sakafu," akasema. "Cha shambani ni cha mwaka jana. Cha sakafuni ni cha asubuhi hii."

Ilinichukua miaka mingi kufahamu kwamba mwanamke yule, ambaye hakuingia darasa lolote, alikuwa amemsahihisha mwalimu wangu kwa haki. Samadi ni mavi yaliyokaa, yakaoza, yakawa meusi na mepesi, yakamomonyoka mkononi kama udongo mzuri wa bustani. Ukijaribu kupaka sakafu kwa kitu hicho utapata vumbi tupu. Mavi mabichi ndiyo yenye unyevu na ute, tena yamejaa nyuzinyuzi za majani ambazo tumbo la ng'ombe halikuweza kuzivunja. Nyuzi hizo huufunga udongo usipasuke unapokauka, kama vile manyoya au nyasi zilizokatwakatwa zinavyoufunga udongo wa kuta katika nchi nyingine. Kwa upande wa pili, ukiyatia mavi mabichi kwenye mche mchanga wa kahawa waweza kuuchoma. Hivi ni vitu viwili, na kila kimoja kina kazi yake. Mwenye kuvipa jina moja ameongeza adabu labda, lakini amepunguza maarifa.

Hebu tulitazame kwanza neno lenyewe lililokatwa. Mavi si tusi lililobuniwa na watoto watukutu. Ni mojawapo ya maneno ya kale sana katika lugha za Kibantu. Shina lake, ambalo kwa Kiswahili ni -vi, limekutwa na wataalamu wa lugha katika nchi zilizo mbalimbali kabisa, likiwa limebadilika sauti kidogo tu. Wakongo wanaokaa karibu na mdomo wa Mto Kongo husema tuvi. Wabemba wa Zambia husema amafi. Wagikuyu, nasi wa Embu, husema mai, kwa kuwa lugha zetu ziliiacha njiani ile sauti ya katikati. Watu hawa hawakukutana sokoni wakaazimana neno la namna hii. Hakuna aazimaye neno ambalo kila mtoto analijua kabla hajaota meno yote. Walilirithi, kila mmoja kwa njia yake, kutoka kwa wazee wao waliosema lugha moja maelfu ya miaka iliyopita.

(Hapa niruhusu nikupe onyo, ukipata kuandika Kigikuyu. Maji kwao ni maaĩ, na kile kingine ni mai. Asiyejali alama juu ya herufi aweza kumkaribisha mgeni kikombe cha kitu asichokusudia. Sisi wa Embu tumeepukana na hatari hiyo kwa kuyaita maji manjĩ, na jirani zetu Wameru kwa kuyaita rũũjĩ.)

Wala wazee waliotumia neno hili hawakuwa na haya tuliyo nayo sisi. Wahunzi wa chuma walipoona taka nyeusi ikitoka tanuruni, waliiita mavi ya chuma, na jina hilo limo katika kamusi za Kiswahili. Nao watu wa pwani husema mvua yanya. Ndiyo kunya ile ile tunayoiogopa darasani. Na kunyesha, tunakokutaja kila siku bila kutazamana kando, kumezaliwa nayo. Kwa hiyo mwanafunzi anayelikimbia neno mavi na kujificha ndani ya neno kinyesi ameruka mkojo akakanyaga mahali pale pale, maana kinyesi nacho kimetoka katika kunya.

Lakini shina hili la -vi lina upungufu mmoja: ni la viumbe wote, mtu na kuku na ng'ombe pamoja. Kwa watu ambao maisha yao yalishikamana na ng'ombe hilo halikutosha. Waliyatenga mavi ya ng'ombe na mengine yote, wakayapa jina lake. Waganda huyaita obusa. Wanyarwanda huyaita amase. Wajaluo, ambao lugha yao si ya Kibantu kabisa, huyaita owuoyo, na kwa hayo wamezikandika nyumba zao miaka mingi. Majina haya hayana harufu ya tusi. Mtu aweza kuyataja mbele ya mkwewe, kwa sababu yanataja kitu cha kazi, kama mtu atajavyo chokaa au lami. Wagikuyu nao walikwenda mbali zaidi, wakalitenga hata jina la yale yaliyomo bado tumboni mwa mbuzi au kondoo aliyechinjwa, wakayaita taatha. Hayo yalitumika katika ibada za kumtakasa mtu, na hapana mzee ambaye angeyachanganya na mai.

Kule mashariki mwa Rwanda, karibu na Nyarubuye, amase yamekuwa sanaa. Wanawake huyachanganya na majivu, wakayajenga juu ya ukuta au ubao yawe matuta membamba yenye kukunjana kwa pembe na mizunguko, kisha wakayapaka rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Sanaa hiyo huitwa imigongo. Masimulizi ya nchi ile humtaja Kakira, mwana wa Kimenyi mfalme wa Gisaka, kuwa ndiye aliyeianzisha ili kuipamba nyumba yake. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 sanaa hii ilikuwa karibu kusahauliwa, ikafufuliwa na ushirika wa wanawake, na leo watalii huinunua na kuitundika katika sebule za Ulaya. Sijui kama huwaambia wageni wao imetengenezwa kwa nini.

Utauliza, msomaji: je, maneno peke yake yaweza kuwa ushahidi wa historia? Wako wataalamu, kama Christopher Ehret na David Schoenbrun, waliotumia umri wao kuonyesha kwamba yaweza. Watu wakiwa na majina mengi ya jambo moja, na majina hayo yakifanana kutoka kabila hata kabila, twajua kwamba jambo hilo liliwashughulisha zamani. Lakini tusitegemee maneno tu. Udongo nao una kumbukumbu.

Mwaka 1 wa masomo yangu chuoni nilisikia kwa mara ya kwanza methali ya Kiswahili isemayo, "Mavi ya kale hayanuki." Maana yake ni kwamba kosa la zamani halina haja ya kufukuliwa. Ni methali nzuri kwa watu wanaotaka kupatana. Kwa mwanafunzi wa historia, hata hivyo, haifai, nami nitakupa sababu kutoka Narok. Mwaka 2018 Fiona Marshall na wenzake walitoa katika jarida la Nature habari za uchunguzi wao wa mahali patano kusini-magharibi mwa Kenya, ambapo wafugaji wa kale walikuwa wakilaza mifugo yao. Mahali hapo pana umri wa kati ya miaka 1,550 na 3,700. Wafugaji walihama zamani sana. Hata majina yao hatuyajui. Lakini mavi ya mifugo yao, yaliyorundikana zizini usiku baada ya usiku, yaliutajirisha udongo kwa naitrojeni, fosforasi, kalisi na magnesi, na utajiri huo ungalipo mpaka leo. Ndiyo sababu katikati ya mbuga pana viwanja vya mviringo vyenye majani mazuri kuliko ya kando, na wanyama wa mwitu huvipenda. Hayanuki, naam, lakini yanaonekana, hata na setilaiti iliyo juu angani.

Turudi sasa kwenye lile neno la wino mwekundu, na tuulize lilitoka wapi mpaka likafika Kibugu. Kwa Waswahili wa pwani ng'ombe hakuwa msingi wa maisha kama alivyokuwa kwa Wamaasai au Wanyarwanda. Walikuwa watu wa bahari, wa minazi na wa bustani. Kwa bonge la mavi ya mnyama walikuwa na neno lao shonde, ambalo leo wengi wenu hamjalisikia. Kwa kitu cha kurutubisha shamba walichukua kutoka Kiarabu neno samadi. Na walikuwa na neno la tatu, mbolea, lenye shina la Kibantu la kuoza: Wazulu husema bola, na Wagikuyu, kwa desturi yao ya kuangusha herufi, husema kuora. Kwa hiyo mbolea ni kitu kilichooza. Hilo likumbuke, kwa sababu tutaona jinsi maana yake ilivyogeuzwa juu chini.

Zamani za babu zetu, mtu wa Embu hakuhitaji sana neno kama mbolea. Shamba lililochoka liliachwa lipumzike, na jingine likafunguliwa. Mavi ya ng'ombe yalikuwa kwanza ya nyumba: ya ukuta, ya sakafu, ya ghala ya nafaka iliyokandikwa ili wadudu wasiingie. Kwa hiyo kila pigo lililowapata ng'ombe liliipata na nyumba. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilipita Afrika ya Mashariki na kuua ng'ombe wasio na idadi. Mwaka 1906 majeshi ya Waingereza yaliingia Embu, yakaishinda nchi na kuteka mifugo mingi. Vitabu vyetu vya historia huhesabu ng'ombe waliokufa na waliotekwa, tena ni vyema; hakuna aliyezihesabu sakafu zilizopasuka baada yake.

Mabadiliko ya maneno yalikuja na kahawa. Kwa muda mrefu walowezi wa Kenya hawakutaka Mwafrika apande kahawa, wakidai kwamba ataeneza magonjwa ya mimea na kuwaibia mazao. Kuanzia mwaka 1933 serikali ilianza kuruhusu majaribio madogo katika nchi za Kisii, Embu na Meru. Kahawa ni mti wenye njaa. Hauhami kama mahindi. Husimama mahali pamoja miaka thelathini na zaidi, ukila udongo ule ule. Basi maofisa wa kilimo wakapita vijijini wakihimiza watu wachimbe mashimo na kupeleka mavi ya zizini shambani. Ndipo kile ambacho mama alikuwa akikitia sakafuni kilipopata mdai wa pili, yaani mume mwenye miche ya kahawa. Nami nadhani magomvi mengi ya nyumbani yalianzia hapo, ingawa hakuna ofisa aliyeyaandika katika taarifa yake.

Pamoja na kazi hiyo lilipanda kutoka pwani neno mbolea, na huku kwetu wengi wakalitamka mboreo. Jambo la kuchekesha ni kwamba Waingereza nao waliazima. Waliona kwamba mavi yaliyokanyagwa na kukauka ndani ya zizi la Kiafrika si sawa na yale ya mazizi ya kwao, wakachukua neno la Kiswahili boma na kuliweka mbele ya neno lao la mbolea. Mpaka leo ukisoma kitabu cha kilimo cha Kenya kilichoandikwa kwa Kiingereza utakuta boma limekaa pale kimya, kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni.

Mwaka 1954, nchi ikiwa chini ya Hali ya Hatari na watu wa Embu wakisukumwa kuingia katika vijiji vyenye ulinzi, ulitolewa mpango wa kilimo wa R. J. M. Swynnerton. Uliamuru vipande vya ardhi viunganishwe na kupewa hati, na wenyeji waruhusiwe kwa wingi kupanda kahawa na chai na kufuga ng'ombe wa gredi. Mengi yameandikwa juu ya siasa ya mpango huo. Mimi nataka ulitazame zizi tu. Mwenye kipande kimoja chenye mipaka hawezi kuliacha shamba lililochoka na kufungua jingine. Toka hapo rutuba ya Embu ilitegemea kile kinachotoka nyuma ya ng'ombe, au kile kinachotoka dukani.

Na dukani ndiko neno mbolea lilikohamia. Katika miaka ya 1960 na iliyofuata, mahindi ya mbegu bora na magunia ya kilo 50 yalienea pamoja, hata kijana wa leo ukimtuma mbolea huelekea barabarani na pesa mkononi. Neno lililomaanisha kitu kilichooza limekuwa jina la punje nyeupe zisizooza kamwe. Hapo ndipo samadi ilipopata kazi: ilibidi pawe na neno la kutenga mbolea ya zizini na ya kiwandani, na vitabu vya kilimo vikalikamata. Kwa kazi hiyo ni neno zuri, na mwalimu wangu hakulizua. Kosa lake lilikuwa kulitoa shambani na kulileta jikoni.

Zizi lenyewe nalo limebadilika. Tangu mwaka 1980, kwa mradi wa serikali ya Kenya uliosaidiwa na Uholanzi, wakulima wengi wa nchi za juu walifundishwa kumlisha ng'ombe bandani pasipo kumtoa malishoni. Mavi hayakanyagwi tena mwaka mzima yakawa tabaka kavu. Hukombwa kila asubuhi kwa sepetu yakiwa uji, yakarundikwa nje. Yakiachwa wazi kwenye jua na mvua, naitrojeni yake nyingi huruka hewani au kutiririka mtoni, kwa hiyo mkulima mwerevu huyafunika kwa majani ya migomba. Wengine huyaingiza katika tangi lisilopitisha hewa, yakatoa gesi ya kupikia. Ufundi huo uliletwa Kenya mwaka 1957 katika shamba la mlowezi, nao ulipata nguvu mpya mwaka 2009 ulipoanzishwa mpango wa taifa wa gesi ya namna hiyo kwa nyumba za wakulima. Uji unaotoka tangini baada ya gesi bado hauna jina la Kiswahili lililokubaliwa na wote. Wengine huuita mbolea maji, wengine samadi ya gesi. Nilimsikia mzee mmoja akiuita makapi. Labda wewe unayesoma ndiwe utakayetoa jina.

Mimi sasa hufundisha katika chuo cha ualimu, na daftari lile la mwaka 1999 ningali nalo. Kila mwaka huwapa wanachuo insha ile, bila alama za wino mwekundu, waisahihishe. Karibu wote hulikata neno mavi na kuandika samadi, tena bila kusita. Mwaka mmoja msichana kutoka Kajiado, ambaye mama yake hujenga nyumba kwa mikono yake kama wanawake wa Kimaasai wafanyavyo, aliinua mkono kabla hajaigusa kalamu. Akauliza, "Mwalimu, haya mavi ni ya leo au ya zamani?" Darasa likaangua kicheko. Nilimpa alama zote.

Nyanya yangu hayupo tena. Jiko lake lilitiwa saruji na wajomba zangu alipokuwa angali hai, kwa nia njema, wakidhani wanampumzisha. Yeye akalalamika kwamba saruji ni baridi magotini. Fundi hakufika mpaka kwenye kona iliyo nyuma ya mafiga, kwa sababu palikuwa na rundo la kuni. Nilipokwenda Kibugu likizo iliyopita nilizisogeza kuni zile. Sakafu ya kale ingali pale, upana wa mkeka mdogo, ngumu na laini, na juu yake alama za vidole vyake vinne, nusu duara ikifuatwa na nusu duara, mpaka zilipokutana na saruji.